Gego Moja, Kliniki Mbili: Tathmini ya Huduma ya Mzizi wa Jino na Maumivu Yanayofuata

Kliniki ninazozitathmini hapa ni mbili, zote za binafsi, zote zimo katika Wilaya ya Kinondoni jijini Dar es Salaam, na zote zililishughulikia jino lilelile: gego langu la kwanza la juu, upande wa kushoto. Sitazitaja majina. Ya kwanza ilifanya makosa ambayo ningependa wenyewe wayarekebishe bila ya kuanikwa, na ya pili nikiitaja peke yake nitaonekana kama niliyelipwa kuipigia debe. Ninachotaka kukieleza ni namna kila moja ilivyoyachukulia maumivu yanayomkuta mgonjwa wa mzizi wa jino akiwa tayari amerudi nyumbani, ganzi imekwisha na mlango wa kliniki umefungwa. Katika muda wa miezi miwili niliyapata maumivu hayo mara tatu, kila mara kwa sababu tofauti, na ni kliniki moja tu iliyonifundisha kuzitofautisha sababu hizo.

Nilifika kliniki ya kwanza baada ya usiku wa tatu wa kukosa usingizi. Chai ya moto ilikuwa ikiliamsha jino kwa dakika kadhaa, na nilipojilaza maumivu yalipanda hadi sikioni. Shangazi yangu, mzaliwa wa Pemba asiyeamini kwamba kuna ugonjwa wa kinywa usioogopa karafuu, alikuwa amekwisha kunichovyea pamba katika mafuta yake, na sina budi kukiri kwamba yalinituliza kwa saa moja au mbili. Mapokezi yalikuwa ya heshima, bei zilikuwa zimebandikwa ukutani ambapo kila mtu anaziona, na kwa gego waliandika shilingi 350,000, pamoja na picha za eksirei na kuziba. Daktari, kijana mwenye mikono mepesi, alipiga picha moja, akaniambia kwamba uozo umefika kwenye kiini, yaani nyama laini yenye neva iliyomo katikati ya jino, na kiini hakiwezi kupona tena, kisha akanichoma sindano ya ganzi ambayo karibu sikuisikia. Kwa sindano ile ninampa alama zote.

Kasoro niliyoiona mapema, ingawa wakati huo sikujua kwamba ni kasoro, ni kwamba jino lilizungushiwa pamba tu. Kazi ya mzizi hutakiwa kufanyika chini ya kipande chembamba cha mpira kilichotobolewa tundu moja, ambacho hulitoa jino peke yake na kuufunika mdomo uliobaki, ili mate yenye bakteria yasiingie ndani ya mzizi na dawa ya kuoshea isimwagike kooni. Si uvumbuzi mpya wa matajiri: daktari wa Marekani aliyeitwa Sanford Barnum aliutumia mwaka 1864, na mpira wenyewe si kifaa cha bei kubwa. Mate yakiingia, vimelea huingia nayo, na mzizi uliosafishwa kwa saa nzima unaweza kuchafuliwa upya kabla mgonjwa hajateremka kwenye kiti.

Alipomaliza sehemu ya kwanza, daktari aliweka dawa ndani ya mzizi, akaziba kwa muda kwa sementi iliyonukia karafuu, harufu ambayo ingemfurahisha sana shangazi, kwani sementi hiyo hukorogwa kwa yujenoli, kiungo kikuu cha mafuta yale yale ya karafuu. Nilipokuwa natoka, nesi alinifungulia mlango akasema, “Pole baba, sasa umepona. Mshipa umeshakufa, hutasikia kitu tena.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyonigharimu usingizi. Saa nne usiku ganzi iliisha, na jino nililoambiwa kwamba limekufa likaanza kuuma. Halikuuma kama zamani, kwa maana chai ya moto haikulishtua, lakini nikiligusa hata kwa ulimi lilichoma, na kulikutanisha na jino la chini kulinifanya nishike ukingo wa kitanda. Nikaamini kwamba kazi imeharibika. Nilipiga simu ya kliniki mara tatu bila ya kupokelewa. Asubuhi msichana wa mapokezi aliniambia niende nikachukue dawa, na nilipofika nilikabidhiwa bahasha ya amoksilini na nyingine ya metronidazoli bila ya mtu yeyote kunitazama mdomoni.

Maelezo niliyoyakosa siku ile niliyapata wiki kadhaa baadaye kutoka kwa daktari wa kliniki ya pili, na nitayaeleza hapa, kwa kuwa yangetolewa mapema nisingelazimika kuandika nusu ya malalamiko haya. Kinachoondolewa katika matibabu ya mzizi ni kiini kilichomo ndani ya jino. Jino lenyewe hubaki limeshikiliwa kwenye mfupa wa taya na utando mwembamba unaouzunguka mzizi wote, na utando huo una neva zake ambazo hakuna aliyeziondoa wala anayetaka kuziondoa, maana ndizo zinazokuambia kama unatafuna wali au umeng’ata kijiwe. Faili, yaani vijisindano vya chuma vya kusafishia, zinaposugua ndani ya mfereji wa mzizi, yaani tundu jembamba lililokuwa na kiini, chembe za kiini, unga wa jino na bakteria huweza kusukumwa kidogo nje ya ncha ya mzizi. Wakati mwingine faili yenyewe huchungulia nje ya ncha, au dawa ya kuoshea hupenya. Mwili hulijibu hilo kwa uvimbe, na kwa kuwa uvimbe uliozingirwa na mfupa hauna pa kutanukia, utando hukandamizwa na jino huinuka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona lakini meno ya upande wa pili hukihisi mara moja. Ndiyo maana maumivu ya siku za kwanza huwa ya kugusa na kung’ata, wala si ya joto na baridi. Kwa kawaida huwa makali siku ya kwanza na ya pili, kisha hupungua siku hadi siku, na wiki moja huwatosha wengi. Mtu aliyefika kliniki akiwa tayari na maumivu makali, kama nilivyokuwa mimi, ndiye ambaye huelekea zaidi kuumwa baada ya matibabu, na hilo daktari anaweza kumwambia kabla hajaketi.

Kuhusu zile bahasha mbili, ninaitoza kliniki ya kwanza alama bila ya kusita. Dawa za kuua bakteria hazitulizi uvimbe wa aina hii. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 unaopendekeza kwamba mtu mzima mwenye kinga nzuri ya mwili, na ambaye jino lake linaweza kutibiwa, asipewe antibiotiki kwa ajili ya maumivu ya kiini au ya ncha ya mzizi. Huhitajika pale maambukizi yanapoenea mwilini na kuleta dalili kama homa. Kinachosaidia ni ibuprofeni na paracetamol zikitumiwa pamoja kwa kipimo cha daktari, isipokuwa kwa wenye vidonda vya tumbo, wenye matatizo ya figo, wajawazito na wengine ambao ibuprofeni haiwafai, na ndiyo sababu ya kumtaka daktari aulize kwanza. Mimi sikuulizwa lolote. Metronidazoli iliniachia ladha ya shaba mdomoni, na jino likapoa siku ya nne, kwa ratiba yake lenyewe.

Ziara ya pili ilikuwa baada ya wiki moja. Mifereji mitatu ilijazwa gatapecha, ile nyenzo ya waridi itokanayo na utomvu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki, na juu yake likawekwa jazo la kudumu la rangi ya jino. Kazi ilionekana safi kwenye kioo. Nilipofunga mdomo, hata hivyo, gego lile ndilo lililogusana na lenzake kabla ya meno mengine yote. Nilimwambia daktari, akanijibu kwamba nitazoea.

Sikuzoea. Safari hii maumivu yalikwenda kinyume na yale ya mwanzo: siku ya kwanza yalikuwa madogo, ya tatu yakakua, na kufikia siku ya sita nilikuwa ninatafuna upande mmoja kama mtu aliyepigwa. Jazo likizidi urefu hata kwa unene wa karatasi, jino hubeba peke yake mzigo ambao ungegawanywa kwa safu nzima, na kila unapomeza mate, kila unaposaga meno usingizini, utando ambao bado una uvimbe hugongwa tena. Hakuna kidonge kinachoondoa sababu hiyo. Kuna karatasi nyembamba yenye rangi ambayo mgonjwa huing’ata, ikaacha alama pale panapogusana sana, na daktari hupasaga kidogo kidogo hadi alama zilingane. Niliporudi nilimkuta daktari mwingine, mama wa makamo, ambaye hakuuliza maswali mengi. Aliniketisha wima, akaniambia niing’ate karatasi, nisogeze taya kushoto na kulia, akasaga, akarudia mara tatu, na nikawa nimemaliza kwa dakika tano bila ya kulipa hata senti. Siku mbili baadaye nilitafuna mkate pande zote mbili.

Neno “wima” nimelitaja makusudi. Mgonjwa aliyelala chali, mdomo umekuwa wazi kwa saa nzima na nusu ya uso imekufa ganzi, hawezi kujua kama jino lake linagusana vizuri na mengine. Kumuuliza “iko sawa?” katika hali hiyo na kuridhika na anavyotikisa kichwa ni kujidanganya. Ninamshukuru mama yule, na kwa ajili yake ninairudishia kliniki ya kwanza sehemu ya alama nilizoitoza.

Wiki ya tano likaja la tatu. Mara hii chai ilihusika tena. Nilipokunywa ya moto, maumivu hafifu yalijitokeza, yakakaa, yakaondoka polepole, na nikigonga jino kwa kijiko lilijibu tofauti na majirani zake. Nilishangaa, kwa sababu nilikwisha kuelewa kwamba jino lisilo na kiini halina cha kuhisia joto. Kliniki ya kwanza walipiga eksirei, wakaona kwamba mifereji imejazwa vizuri, na wakanipa uchaguzi wa kurudia antibiotiki au kung’oa. Niliomba nakala ya picha zangu. Walinipa bila ya kinyongo, jambo ambalo si kila mahali hufanyika.

Kliniki ya pili ina daktari bingwa wa mizizi, na hapo ndipo nilipoona tofauti ya huduma. Kwa dakika ishirini za kwanza hakushika chombo chochote. Aliuliza kama maumivu ni ya jino moja au ya safu nzima ya juu, na kama yanazidi ninapoinama au ninaposujudu; kwa kuwa mizizi ya magego ya juu hukaribiana sana na uwazi wa hewa uliomo ndani ya mfupa wa taya la juu, nyuma ya shavu, na uwazi huo ukivimba kwa mafua, mtu huhisi kama meno kadhaa yanamuuma kwa pamoja na kichwa kikiinamishwa hali huwa mbaya zaidi. Aliuliza kama taya huchoka asubuhi, kwani kukaa mdomo wazi muda mrefu huumiza misuli na kiungo kilichopo mbele ya sikio, na wagonjwa wengi huyahesabu maumivu hayo kuwa ya jino. Alinipa kijiti cha plastiki nikiume kwa kila ncha ya jino, moja baada ya nyingine, akiwa anatafuta ufa. Akapima ufizi kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, akizunguka jino lote, kwa sababu mzizi uliopasuka kwa urefu huacha njia nyembamba ya kina kirefu mahali pamoja, na jino la namna hiyo kwa kawaida halisalimiki. Alinieleza pia, bila ya kunitisha, kwamba wapo wachache ambao maumivu yao hutokana na neva yenyewe iliyoharibika ingawa jino limetibiwa vizuri, na kwamba kwa hao kulirudia jino mara ya pili na ya tatu ni kuwaongezea mateso, kwani wanahitaji daktari wa aina nyingine.

Kisha akazitazama picha zangu za zamani na akapiga mbili mpya kwa pembe tofauti. Eksirei ya kawaida hulitazama jino kutoka upande mmoja, na mifereji miwili iliyojipanga mmoja nyuma ya mwingine huonekana kama mmoja. Gego la kwanza la juu huwa na mizizi mitatu, lakini katika zaidi ya nusu ya watu mzizi wa mbele ulio upande wa shavu hubeba mifereji miwili, na wa pili ni mwembamba kama unywele, umejificha chini ya kibaraza cha jino. Alinituma kituo kingine kupiga picha ya pande tatu, iliyonigharimu shilingi 150,000 za ziada, na picha ikaonyesha kilichotarajiwa: mfereji wa nne haukuwa umeguswa. Ndani yake kulikuwa na mabaki ya kiini ambayo bado yalihisi joto, na ambayo yalikuwa yakioza taratibu.

Sidhani kwamba yule kijana wa kliniki ya kwanza alifanya uzembe. Mfereji wa nne huwaponyoka hata wazoefu wasiokuwa na hadubini. Ninachomlaumu ni kwamba maumivu yaliporejea hakufikiria kuwa kuna kitu kilichobaki ndani, akaniwekea mezani koleo na vidonge. Laiti angeniambia, “Baba, nenda ukaonwe na bingwa,” leo ningeisifu kliniki yake.

Kurudia matibabu kulinigharimu shilingi 600,000 na ziara mbili, ya kwanza ikiwa ya saa mbili kasoro. Mpira ulitumika. Dakika za mwanzo nilihisi kama ninayezibwa pumzi, hadi msaidizi aliponiagiza nipumue kwa pua na kunipa kengele ndogo ya mkononi ya kubonyeza nikitaka kupumzika. Kifaa chenye waya mbili, mmoja ukishikizwa mdomoni na mwingine kwenye faili, kilikuwa kikipima urefu wa mzizi na kutoa mlio faili inapokaribia ncha, ili isitoke nje. Dawa ya kuoshea, ambayo ni ya jamii moja na maji ya kung’arishia nguo nyeupe, ilisukumwa taratibu kwa sindano iliyozibwa ncha na kutobolewa ubavuni. Niliuliza sababu. Daktari alisema kwamba dawa hiyo ikisukumwa kwa nguvu nje ya mzizi, mgonjwa hupatwa na maumivu ya ghafla yasiyomithilika, uso ukavimba na kuvilia damu papo hapo. Ni ajali ya nadra, na upole wa mkono ndio unaoizuia.

Nilipoondoka nilipewa karatasi iliyochapwa kwa Kiswahili. Ilisema kwamba kurudia matibabu huweza kuleta maumivu kuliko ya mara ya kwanza, kwamba usiku wa kwanza na wa pili nisitishike, kwamba nitafune upande wa pili, na kwamba nisile miwa, korosho ngumu wala muhindi wa kuchoma hadi jino litakapovishwa kofia, yaani gamba gumu la kulifunika, kwa kuwa gego lililotobolewa katikati hupasuka kwa urahisi. Kisha, kwa herufi nene, ilitaja mambo ya kunirudisha bila ya kusubiri miadi: uvimbe unaopanda kuelekea jichoni au kushuka shingoni, homa, mdomo kushindwa kufunguka, na shida ya kumeza au kupumua, ambayo mtu akiipata asiende kliniki ya meno bali hospitali moja kwa moja. Usiku wa pili niliumwa kweli, pengine zaidi ya usiku ule wa kwanza kabisa. Nilisoma karatasi, nikameza dawa nilizoandikiwa, nikalala. Asubuhi msaidizi alipiga simu mwenyewe kuuliza hali yangu.

Nayo kliniki hiyo ina kasoro zake. Bei haikubandikwa popote na niliijua nikiwa tayari kitini. Gharama ya picha ya pande tatu sikuambiwa kabla ya kutumwa. Sebule ya kusubiria ina viti sita na kiyoyozi kinachopuliza utosini mwa mtu, na miadi ya saa tatu ilianza saa nne na robo. Kofia ya jino, ambayo ni lazima, hulipiwa peke yake, na jumla ya yote niliyoyatumia katika kliniki mbili ingelitosha kung’oa magego yangu yote na chenji ikabaki.

Kliniki ya kwanza ninaipa nyota mbili kati ya tano: moja kwa sindano ya ganzi na moja kwa yule mama wa karatasi ya rangi. Kwa kuziba jino dogo la mbele ningerudi kwao. Ya pili ninaipa nne. Anayetaka huduma ya mzizi kwa gego la juu, popote anapokwenda, aulize kabla ya kulipa kama wanatumia mpira, kama jazo hupimwa mgonjwa akiwa ameketi, na ni nani atakayepokea simu usiku. Gego langu sasa lina miezi minne, limevishwa kofia, na chai ninakunywa ya moto. Miadi kwa bingwa yule huchukua wiki mbili hadi tatu, na Jumapili hawafungui.